Mistari ya wima na mlio kwenye kioo cha mlango: kabla hujanunua mota au kioo kingine, pitia hapa

#1 Dereva_wa_Ihumwa

Wakuu, habari za majukumu.

Nimetoka kufunga paneli ya mlango wa dereva sasa hivi, vumbi halijatoka mikononi. Kioo hiki kimenisumbua tangu mwezi wa tano. Nimetoa hela ambazo sikupaswa kuzitoa, na mwisho wa yote chanzo kimekuja kuwa chembe ya mchanga ndogo kama punje ya ulezi. Naandika ili mwenzangu mwenye shida hii asipite nilikopita mimi.

Gari ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2004, vioo vya umeme. Naishi Ihumwa, Dodoma, kazi ni mjini, na kutoka nyumbani hadi lami ni vumbi tupu, lile jekundu linaloingia hadi kwenye boksi la fyuzi.

Ilianza kwa mlio. Nikishusha kioo cha dereva kinalia kwiiii, hasa asubuhi, kikipanda kinanyamaza au kinakoroma kidogo tu. Baada ya wiki kadhaa nikaona mistari miwili ya wima, kama sentimita 12 kutoka ukingo wa mbele wa kioo. Mchana huioni mpaka jua lipige kwa ubavu. Usiku ndiyo shida, kwa sababu hapo ndipo jicho linapopitia kuangalia saiti mira. Gari la nyuma likiwasha taa, mwanga unatawanyika kwenye ile mistari, unashindwa kujua kama lile ni gari moja au mawili, liko karibu au mbali.

Fundi wa kwanza akasikiliza mara moja tu, akasema mota imechoka. Nikanunua ya mtumba, shilingi 50,000, na ufundi 15,000. Mlio ukabaki vilevile. Fundi wa pili akasema kioo kimepinda, tutafute kingine. Hapo nikasimama. Kioo kilichopinda baada ya miaka yote hii kimepindaje? Nikaamua kukaa nacho mwenyewe Jumamosi nzima.

Kwanza nikatumia maji. Nilichukua chupa nikamwagia pale kioo kinapozama mlangoni, kwenye raba ya nje, kisha nikashusha. Kimya kabisa. Nikapandisha na kushusha tena na tena, na maji yalipoanza kukauka mlio ukarudi. Mota haijui kama raba imelowa au imekauka, kwa hiyo mota niliyoitoa ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Halafu kiganja. Mwanangu alibonyeza swichi, mimi nikakisukuma kioo taratibu kuelekea nje kikiwa kinashuka. Mlio ukapanda. Nikakivuta kuelekea ndani, ukafifia. Raba ya ndani nikaiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Kilichonifungua macho hasa ni mistari yenyewe. Kioo ndicho kinachotembea, raba imekaa palepale. Kwa hiyo kinachochora kimekaa mahali pamoja, na mstari unakuelekeza mpaka kilipo. Nilifunga kioo hadi juu, nikaufuata kila mstari kwa kidole mpaka unapozama kwenye raba, nikabandika kipande cha selotepu hapo. Vipande viwili. Kisha nikaing'oa raba ya nje. Kwenye gari yangu ilibidi nitoe saiti mira kwanza, halafu kuna skrubu moja mwisho wa mlango, nyingine zote ni klipu.

Nikaigeuza juani. Upande unaogusa kioo una manyoya mafupi meusi kama velveti. Yote yalikuwa yamelala na kushikana kwa vumbi lililoganda. Chini ya selotepu ya kwanza kulikuwa na chembe nyeupe inayong'aa, imezama kwenye gundi ya velveti, ncha yake imechomoza. Nilijaribu kuitoa kwa ukucha ikakataa, ikatoka kwa pini. Chini ya selotepu ya pili hapakuwa na chembe yoyote. Hapo velveti ilikuwa imeliwa ikaisha, na ukingo wa bati lililomo ndani ya raba ulikuwa nje, urefu wa punje ya mchele, umesuguliwa na kioo hadi unang'aa kama sindano.

Mchanga wetu huku mwingi ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, kioo cha gari kinacheza kwenye 5.5 hadi 6. Mchanga unakishinda kioo, siyo siku moja, ni kila ukishusha.

Nimeweka raba mpya. Ya mtumba nimeikataa kwa sababu imezaliwa mwaka uleule na gari yangu, imekaa kwenye jua lilelile. Mlio umekwisha kabisa. Mistari imebaki, na hapo ndipo naomba msaada wenu: inatoka, au niizoee?

#2 Kisiki_Kikavu

Mkuu, hii ya kufuata mstari hadi kwenye raba nimeisoma mara mbili. Nimetoka nje na tochi, gari yangu ina mistari mitatu mlango wa nyuma kulia. Sikuwahi kuiona.

#3 Gereji_ya_Mwembeni

Mkuu Ihumwa, umefanya kazi ya fundi na umeifanya vizuri. Mimi ni fundi wa bodi na milango, naingia mwaka wa 19 sasa, na nasema bila kuficha: mota nyingi za vioo zinazobadilishwa huku mitaani hazina ubovu. Kioo kinakwenda polepole, kinalia, fundi anakimbilia mota kwa sababu ndiyo spea inayouzwa. Raba hakuna anayeiangalia.

Kuhusu mistari. Pitisha ukucha kwa kukatisha, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukucha ukikwama, achana nayo. Ukipita bila kukwama, kuna matumaini: ipo poda ya seriamu oksidi, unaichanganya na maji iwe kama uji mzito, unasugua kwa kitambaa kigumu cha kungarishia au mashine ya mwendo mdogo, na unalowesha kila mara. Ni kazi ya saa nyingi kwa eneo dogo. Usiache kioo kipate moto, na usisugue sehemu moja tu ukatengeneza bonde. Ukitengeneza bonde utaona barabara inacheza kama iko chini ya maji, na kwa dereva hilo ni baya kuliko mstari.

Na jambo hili naomba kila mtu alishike. Kioo cha mlango siyo sawa na kioo cha mbele. Cha mbele kwa kawaida ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando katikati. Cha mlango kwa gari zetu nyingi ni kimoja, kimechomwa zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa kikapoa ghafla. Nje kimebanwa, ndani kimevutwa. Ndiyo maana kikivunjika kinakuwa punje punje badala ya visu. Nguvu yake iko juu juu, kwa hiyo kuchimba ili kufuta mkwaruzo uliozama ni kula ile nguvu. Na ukingo wake ndio udhaifu wake: ukiwa umefungua paneli, bisibisi ikigonga ukingo, kioo chote kinakwenda chini kama mtama.

#4 Dereva_wa_Ihumwa

Shukrani sana mkuu. Mmoja ukucha unapita, mwingine, ule wa bati, unakwama. Nitajaribu huo wa kwanza.

#5 Mama_Wawili_Tabora

Habari zenu kaka zangu. Mimi yangu siyo mistari, ni kugonga. Mlango wa abiria wa mbele, kioo kikiwa juu kabisa kimya. Nikikishusha kidogo kwa ajili ya hewa, kila shimo kinagonga ka-ka-ka, hadi watoto wamezoea kukishika na mkono. Nimeambiwa ni mlango wenyewe umelegea bawaba.

#6 Gereji_ya_Mwembeni

Dada, bawaba ikilegea mlango unagonga hata kioo kikiwa juu, na ukiufungua ukaunyanyua kwa mikono utausikia unacheza. Kwako siyo bawaba.

Shusha kioo nusu. Kishike kwa vidole viwili, kimoja nje kimoja ndani, kitikise kuelekea ndani na nje, halafu mbele na nyuma. Kikicheza ndani na nje zaidi ya kidogo, raba za mifereji ya pembeni zimekwisha, zile zinazoshika kioo kulia na kushoto kikipanda. Kikicheza mbele na nyuma, au ukisikia kugonga kunatoka chini kabisa, basi ni bolti zinazoshika kioo kwenye mashine yake, ile inayokipandisha na kukishusha, au ile plastiki inayobana kioo imepasuka. Bolti hizo mara nyingi ni za spana namba 10, na mara nyingi kosa ni kwamba fundi aliyefungua mara ya mwisho hakuzikaza, au alirudisha moja tu.

Ukimpa fundi, simama naye. Kabla hajalegeza bolti, kioo kibandikwe kwa selotepu pana kutoka ndani kupitia juu ya fremu hadi nje, kisidondoke.

Halafu hili ni la mafundi wenzangu na wale wanaojifunza kwenye simu. Mashine za vioo ziko za aina mbili: za waya na za mikono inayokatana kama mkasi. Ile ya mkasi nyingi zina springi ya kuzunguka, imekaza muda wote ili kubeba uzito wa kioo. Ukifungua mota bila kuifunga mikono ya mkasi kwa bolti au waya mgumu, springi inaachia kwa nguvu zote. Nimeona kijana amepoteza nyama ya kidole gumba namna hii, mlangoni kwa mteja. Tafadhalini.

#7 Mtu_wa_Likoni

Salaam aleikum ndugu zangu. Nawafuatilia kutoka Mombasa, na huu uzi umenigusa, maana mimi nimeishi na mluzi miezi minne.

Kioo cha dereva kilivunjwa na wezi, nikawekewa kingine. Tangu siku ile, gari likifika kilomita 80 kwa saa, linapiga mluzi karibu na sikio langu. Ukipunguza mwendo, kimya. Safari ya kwenda Nairobi nikifika Mtito Andei kichwa chauma.

Mzee mmoja wa bodi hapa akanipa njia ambayo naona haina gharama. Akasema tafuta selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, funika kwa nje mwanya wote pale kioo kinapokutana na fremu, mbele, juu na nyuma. Mwenzako aendeshe, wewe sikiliza. Mluzi ukiwa umekwisha, bandua kipande kimoja, rudini barabarani. Bandua cha pili. Kipande ambacho ukikibandua mluzi unarudi, hapo ndipo hewa inapopita. Kwangu ilikuwa kona ya juu nyuma.

Tukajaribu na karatasi vilevile. Unashusha kioo, unaweka ukanda wa karatasi juu ya ukingo wake, unakipandisha kiibane, kisha unaivuta. Pande zote karatasi ilikaza, kona ile ikatoka kama kwenye siagi. Kioo hakikuwa kimefika nyumbani kwake. Matundu ya bolti kwenye mashine huwa marefu kidogo makusudi ili ukirekebishe. Tukalegeza, tukakiinua upande wa nyuma milimita mbili hivi, tukakaza. Nimekwenda Voi na kurudi, nilimsikia mke wangu akiongea bila kupaza sauti.

#8 Mtu_wa_Likoni

Nimesahau jambo. Mkinunua gari, someni ile mihuri midogo kwenye kona za vioo vya milango. Vioo vilivyotoka kiwandani na gari huwa na muhuri wa mtengenezaji mmoja na tarehe zinazokaribiana. E43 maana yake kimeidhinishwa Japani. Ukikuta vitatu vinafanana na kimoja kina muhuri mwingine, kioo hicho kilibadilishwa. Siyo dhambi, lakini uliza kwa nini, na usikilize mlango huo kwa makini ukiwa barabarani.

#9 Jua_la_Utosi

Wakuu, naomba msaada kwa jambo tofauti. Vioo vyangu vya milango ya nyuma vina madoa meusimeusi, yamejipanga kwa mistari kama ngozi ya chui. Nimeosha kwa sabuni, siki, spiriti, hayatoki. Ajabu yake kuna wakati hayapo kabisa. Mafundi wa kungarisha wanasema ni kutu ya kioo, wanataka 120,000 kwa vioo vinne.

#10 Dereva_wa_Ihumwa

Mkuu, unapoyaona huwa umevaa miwani ya jua?

#11 Jua_la_Utosi

Ndiyo, naendesha nayo daima. Umejuaje?

#12 Dereva_wa_Ihumwa

Vua miwani uangalie tena. Kama ni ile inayokata mng'ao wa lami na maji, madoa yatapotea, au yatabaki kidogo sana asubuhi na jioni. Kisha ivae na uinamishe kichwa bega la kulia, utayaona yanabadilika.

Hayo siyo uchafu. Ni alama za pale kioo kilipopulizwa hewa kiwandani, kama alivyoeleza mkuu wa Mwembeni. Mabomba ya hewa yamejipanga kwa safu, kila yalipopuliza kioo kilikazwa tofauti kidogo na jirani yake. Jicho peke yake kwa kawaida halioni tofauti hiyo. Miwani ya aina hiyo inachuja mwanga kwa mwelekeo mmoja, basi tofauti inajitokeza kama doa. Mimi nilifundisha fizikia kidato cha tano na sita kabla ya kuhamia kazi ya sasa, na jambo hili tulikuwa tunalionyesha kwa rula ya plastiki katikati ya vichujio viwili.

Usitoe hata shilingi. Atasugua wiki nzima na hayatatoka, kwa sababu hayako juu ya kioo, yamo ndani yake.

#13 Jua_la_Utosi

Nimevua. Yamepotea!! Mwalimu, Mungu akubariki, kesho asubuhi ndiyo nilikuwa nipeleke gari.

#14 Kisiki_Kikavu

Mrejesho. Ile mistari yangu mitatu mlango wa nyuma, kwanza niliilowesha kama nilivyosoma hapa, nikapitisha ukucha. Haikwami hata mmoja. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikasugua. Ikatoka yote na kuacha weusi kwenye kitambaa. Ni raba yenyewe inayeyuka kwa jua na kupaka kioo. Kwa hiyo siyo kila mstari wa wima ni mkwaruzo.

Ila raba ukiigusa inaacha weusi kwenye kidole. Hiyo niitibu vipi? Kijana wa car wash anazipaka dizeli zinarudi nyeusi tii.

#15 Gereji_ya_Mwembeni

Mwambie kijana aache leo. Raba hizi nyingi ni za aina ya EPDM, inavumilia jua na maji lakini haipatani na mafuta ya petroli na ndugu zake. Dizeli, mafuta ya taa, oili chafu, na zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizokaa, zote zinaivimbisha na kuilainisha. Inapendeza siku tatu, halafu inanata, vumbi linagandia, na umerudi kwenye chembe ya mchanga ya mkuu Ihumwa. Raba ikifika hatua ya kuacha weusi kwenye kidole, ibadilishe, haina dawa.

Inayofaa ni silikoni, ile isiyo na petroli ndani. Weka kwenye kitambaa, usipulizie moja kwa moja ukatapakaza kwenye kioo na rangi. Ipake ndani ya mifereji ya pembeni na juu, kidogo sana. Raba ile ya chini yenye velveti inayopangusa kioo usiipake kitu. Kazi yake ni kupangusa ikiwa kavu na safi. Ukiitia mafuta itakuwa kama kitambaa cha kupiga deki kilichochovywa kwenye grisi. Grisi inakwenda kwenye mashine tu, kwenye reli na viungo vya chuma, huko ndani.

#16 Mpita_Njia_Singida

Hapo kidogo nitofautiane nawe mkuu. Velveti yangu ilikuwa inalia, nikapaka poda ya mtoto, ikanyamaza mwezi mzima. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anazipaka poda raba za chupa zake, zinakaa miaka.

#17 Gereji_ya_Mwembeni

Sikukatalii, mkuu, poda inatuliza raba na haiidhuru. Kwenye mfereji wa pembeni naikubali kabisa. Kwenye velveti ikilowa na mvua inakuwa uji, inaacha ukungu mweupe kwenye kioo. Kwa Singida ambako mvua ni chache, nakuelewa.

#18 Mpita_Njia_Singida

Kweli ukungu upo, nilidhani ni maji yetu ya kisima.

#19 Dereva_wa_Ihumwa

Maji ya kisima nayo yana alama zake, huku kwetu na kwenu Singida yana chumvichumvi nyingi. Ukiosha gari juani na kuacha lijikaushe, kila tone linaacha duara jeupe. Hizo siki nyeupe inaziweza: changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, kibandike juu ya kioo dakika tano hadi kumi kivulini, futa, suuza kwa maji mengi. Isikae kwenye rangi wala kwenye bati lililochubuka. Angalia pia mpaka wa ukungu: nilikuwa na mstari mmoja wa mlalo katikati ya kioo, nikashangaa unatoka wapi. Ni kwa sababu naegesha kioo kikiwa kimeshushwa kidogo, maji yanakauka yakiwa yamekaa juu ya raba, ukingo unaacha mstari.

#20 Mtu_wa_Likoni

Kwetu pwani watu husema chumvi ya bahari ndiyo yachora vioo. Je ni kweli?

#21 Dereva_wa_Ihumwa

Chumvi ni laini kuliko kioo, kwenye kipimo kile iko kama 2.5. Haiwezi kukichora. Inakula chuma: bolti za mashine, reli, na bati linaloshika ukingo wa chini wa kioo. Kwa hiyo pwani utasikia mlio wa kutu kabla ya kuona mstari.

#22 Mama_Wawili_Tabora

Nimerudi na habari njema. Tumefungua, bolti ilikuwa moja, ya pili haipo kabisa. Tumeikuta imelala chini ndani ya mlango, imeshikana na matope. Kugonga kumekwisha.

Ila fundi alipotoa tope, maji yalimwagika kama lita nzima! Sasa nimeelewa kwa nini nikifunga breki nilikuwa nasikia chubwi. Nilidhani ni chupa ya maji ya watoto chini ya kiti, nimeitafuta sana.

#23 Gereji_ya_Mwembeni

Hongera dada. Maji kuingia mlangoni ni kawaida, yanapita pembeni ya kioo na mlango umetengenezwa hivyo. Ndiyo maana kuna matundu madogo chini kabisa ya mlango, kwenye ukingo wa chini. Yakizibwa na tope, mlango unakuwa ndoo na unaoza kutoka ndani. Chukua njiti ya mbao, siyo bisibisi, zibua yote, milango yote minne. Kwenye mlango huohuo muulize fundi kama amerudisha ile nailoni iliyo nyuma ya paneli na ameibandika pande zote. Nailoni ikiachwa inaning'inia, maji yanaingia kwenye kapeti na inapigapiga ukiwa mwendo mkali.

#24 Mama_Wawili_Tabora

Ameirudisha, nilisimama naye mwanzo mwisho kama ulivyosema. Ila sasa kioo kikipanda kinafika juu, kinasita, kinarudi chini chenyewe. Alichomoa betri kabla ya kufungua.

#25 Gereji_ya_Mwembeni

Kuchomoa betri amefanya sahihi, gari lenye mifuko ya hewa lazima, na asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa. Kilichotokea ni kwamba vioo vyenye kinga ya kutobana mkono vinasahau mwisho wao uko wapi. Washa gari, shusha kioo hadi chini, kisha kipandishe huku umevuta swichi bila kuachia, kifike juu, uendelee kuivuta sekunde mbili tatu. Kwa gari nyingi za Kijapani hiyo inatosha, nyingine zinataka urudie, kitabu cha gari kinaeleza. Ikikataa, safisha mifereji. Raba ikiwa kavu sana, kioo kinapata ugumu na mashine inadhani ni mkono wa mtoto.

#26 Mama_Wawili_Tabora

Kimekubali mara ya kwanza. Asanteni sana.

#27 Dereva_wa_Ihumwa

Mrejesho wa wiki tatu.

Nilipata poda ya seriamu kwa wauza vifaa vya vioo, gramu 100. Nimekaa na ule mstari mwepesi saa nne kwa siku mbili, kwa mkono, bila mashine. Umebaki kivuli ambacho mchana siuoni, na usiku taa zinapita juu yake bila kutawanyika. Ule wa bati sikuugusa. Nimeamua kioo hicho nitakibadilisha kikipatikana chenye muhuri uleule, kwa sababu ya saiti mira na kwa sababu usiku natumia barabara ya Morogoro yenye malori.

Raba mpya inabaki kimya. Kila Jumapili nashusha kioo chote, nasukuma kadi ya zamani ya benki iliyofungwa kitambaa chenye unyevu kwenye mwanya wa raba, kutoka mbele hadi nyuma, mara mbili, nje na ndani. Wiki ya kwanza kitambaa kilitoka chekundu kabisa. Jana kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Na asubuhi, kabla sijashusha kioo kwa mara ya kwanza, namwagia kikombe cha maji kwanza vumbi lishuke. Umande na vumbi la usiku vikishikana halafu ukashusha kikavu, hapo ndipo kioo kinapoumia.

Mlango wa nyuma kushoto umeanza kukoroma kwa chini, na maji hayaunyamazishi. Kwa hiyo huyo ni wa ndani, mashine au waya. Nimenunua bolti ndefu ya kufungia mkasi kama ni wa mkasi. Naufungua Jumamosi, nitaleta nilichokikuta.